Kiwanja Namba Sita

Kwa miaka kumi na tisa Mama Lindo alilipwa mshahara ahakikishe hakuna anayekata mti msituni. Kwa kumi na miwili ya mwisho alikuwa akikata mwenyewe. Ndiyo yale ya kumpa fisi bucha alinde, tena fisi aliyelelewa na mchinjaji.

Baba yake alikuwa mkata miti. Zamani walikata kipande kimoja, wakahamia kingine, visiki vikachipua, jua likafika chini na maua yakajaa. Kisha ofisi ya misitu ikaamuru msitu upumzishwe. Msitu ukapumzika. Matawi yakakutana juu, giza likaingia, na mimea midogo ikatoweka mmoja mmoja bila kumuaga mtu. Mama Lindo ilimuuma. Akachagua kona moja, akachukua shoka la marehemu baba yake.

Sasa amekuja mpima mimea, na kamba na vigingi vyake, kuhesabu aina za mimea kiwanja kwa kiwanja. Kiwanja cha kwanza, aina tisa. Cha pili, kumi na moja. Cha tano, nane. Namba sita alipiga magoti mpaka saa saba mchana, akahesabu arobaini na tatu.

"Umeona, mama? Msitu ukiachwa unajitengeneza wenyewe! Nitaandika usiguswe miaka ishirini mingine."

Miaka ishirini. Maua yatakuwa yamekwisha, na yeye pia. Lakini akifungua mdomo, kazi hana, na nyumba anayolala ni ya kazi. Aliogopa, akapiga moyo konde.

"Hapa hapakuachwa, mwanangu. Nimekata mimi."

Mpima akatazama visiki. Kimojawapo alikuwa amekifungia kamba tangu asubuhi. "Nimeandika ni ugonjwa wa miti."

"Ugonjwa gani unaokata mshazari?"

Akafuta, taratibu. "Mama, nikiandika hivi watakufukuza."

"Najua." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Basi andika vizuri. Hukatwa kiangazi, kabla majani hayajachipua. Mshazari, maji yasituame kwenye kisiki. Halafu kipande kinaachwa miaka saba, unahamia kingine. Umeandika saba?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Mpima akakohoa kidogo. "'Mlinzi amekiri kwamba kwa muda wa miaka kumi na miwili...'"

"Hapo paruke," alisema Mama Lindo. "Nisomee pa kukata."