Perege wa Bi Tufool

Mwanzo tulikuwa tisa wa kujitolea. Siku ya kwanza walikuja wote kwenye wadi ya Tanuf, bonde la mto wa msimu, na kofia zao mpya, wakapiga picha, wakala sambusa, wakaapa kuwalinda samaki mpaka kufa. Alhamisi ya tatu nilibaki peke yangu na wavu. Sikushangaa. Nimefundisha baiolojia Nizwa miaka thelathini, nawajua watu wa kuapa.

Samaki wenyewe hawana sura ya kumvutia mtu. Ni wadogo kama kidole, rangi ya tope. Lakini mvua ikinyesha milimani huupanda mto unaokuja kwa kishindo, wakijibandika kwenye mwamba kwa midomo, hatua kwa hatua. Kiangazi hubaki katika dimbwi moja tu lisilokauka. Kazi yangu ni kuwahesabu hapo na kumpelekea hesabu Saud, kijana wa ofisi ya mazingira, ambaye hunijibu kwa picha ya kidole gumba.

Machi walikuwa mia mbili na kumi. Aprili, mia moja na arubaini. Siku hiyo wavu ukatoka na perege mnono, mkia wa samaki wangu umemtokeza mdomoni. Perege si wa huku. Kuna mtu kamleta. Nikakaa juu ya jiwe nimsubiri huyo mtu nimpe vidonge vyake.

Akaja bibi wa kama miaka themanini, ana mkongojo na mfuko wa mabaki ya mkate. Dereva wake alibaki garini. Akatupa mkate majini, akasema, "Haya, kuleni, msigombane."

Kwa Kiswahili! Vidonge vyote vikaniishia. Tangu mama afariki, miaka miwili sasa, hakuna aliyenisemesha Kiswahili. Wanangu wako Maskati. Nikiwaanza kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiarabu, nami naona haya kuwang'ang'ania.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu! Wewe wa wapi?"

"Naitwa Mabruka. Mama yangu wa Malindi, Unguja."

"Wallahi? Sie wa Mkunazini! Taali, njoo ukae hapa."

Jina lake Bi Tufool. Perege walikuwa sadaka aliyomtolea marehemu mumewe, Khalaf. Mwezi uliopita bibi aliwanunua ishirini, wazima, kwa mfugaji mmoja, akawatia majini waishi badala ya kukaangwa. Kila Alhamisi huja kuwatazama, saa ambayo mimi huwa nimekwisha ondoka.

"Nyumba ina vyumba saba, mwanangu, nami na mtumishi tu," alisema. "Hapa angalau nina wa kuwaita."

Ilikuwa nimwambie pale pale kwamba sadaka yake inawala samaki wa wadi. Badala yake nikamuuliza Khalaf alikuwa mtu wa namna gani, tukazungumza mpaka adhuhuri. Alhamisi iliyofuata akaleta kahawa na visheti. Ya tatu tulicheka mpaka akashika mbavu. Kwa Saud nikaandika mia moja na arubaini, na wiki ya pili yake mia moja na arubaini tena, bila kuhesabu. Mimi, niliyewanyima watoto wa watu alama kwa udanganyifu! Lakini nilikuwa na furaha, na sikutaka mtu aniguse furaha yangu.

Wiki ya sita nikahesabu kwa haki. Thelathini na mmoja. Nikarudia, thelathini na mmoja.

Bi Tufool alipofika nikamwambia yote. Hakulia. Alivua viatu, akaingia majini na nguo zake, akanishikia wavu. Tulitoa perege wote, na ndoo nzima ya watoto wao. Ndipo akaniuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mie sikujua, Mungu atanisamehe. Wewe ulijua, ukaniacha wiki sita namwandikia marehemu wangu dhambi, huku unakunywa kahawa yangu."

"Niliogopa hutarudi."

"Mbona hukunambia? Ningewatoa siku ile ile, na Alhamisi ningekuja vilevile. Nilikuwa nakuja kwa ajili yako."

Nikamshika mkono mpaka garini. Nikamtaka radhi, nikamuuliza kama Alhamisi atakuja. Akanijibu kwa Kiarabu, kwa adabu kabisa, kama anavyojibiwa mtu wa ofisini.