Jumapili Siku ya Alhamisi

Tangu saa mbili asubuhi Ragnhild alikuwa kwenye jukwaa la chuma juu ya bomba la moshi, mita arobaini kutoka ardhini, na moshi wa leo ulimtia wasiwasi. Ulikuwa safi mno.

"Umeziona namba hizi?" alimwuliza Arvid, mwenzake, aliyejikunyata nyuma ya pampu akikimbia upepo wa Februari.

"Mimi naona baridi tu. Namba zikiwa nzuri, mtu anashukuru."

Kiwanda kile kilichoma taka za mji mzima na kuzipasha nyumba joto. Mara mbili kwa mwaka wao wawili walikuja kuchomeka mrija mrefu ndani ya bomba na kuvuta moshi kupitia chujio, ili maabara itafute dioksini, sumu isiyoonekana kwa macho. Saa sita mfululizo. Zikipungua, kipimo hakihesabiwi. Na kila mara kiwanda kilijulishwa siku yenyewe wiki tatu kabla.

Kilomita mbili kutoka pale, upande unakoelekea upepo, dada yake Signe alifuga kuku. Oktoba mayai yake yalikutwa na dioksini. Kiwanda kikatoa vipimo vyake, vyote safi, kikasema huenda mama huyo huchoma mbao zilizopakwa rangi uani. Vipimo vile vilikuwa na sahihi ya Ragnhild. Signe hakumgombeza. Aliacha tu kumpigia simu.

Saa saba, redio ndogo waliyopewa kwa ajili ya usalama ikakwaruza, zikasikika sauti za wafanyakazi wawili wa kiwanda.

"Egil, mzee wetu, umelala? Tanuri lina njaa."

"Nalilisha, bwana, usinipigie kelele. Chakula cha Jumapili, kijiko kwa kijiko."

Sauti zote mbili zikacheka.

Ragnhild akamtazama Arvid. "Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi kaa na pampu. Usiiguse." Akashuka ngazi kwenda kumtafuta huyo Egil.

Egil, mzee wa ndevu nyeupe, alikuwa kwenye chumba cha kioo juu ya shimo la taka, akiendesha kreni kwa vidole viwili kama anayepiga kinanda. Alipomwona mgeni alijiweka sawa kitini.

"Karibu, dada. Kahawa ipo hapo, kali kama mama mkwe wangu."

"Asante. Egil, chakula cha Jumapili ni kipi?"

Vidole vikasimama. Chini yao shimo lilijaa mifuko myeusi, magodoro, nyaya na viti vya plastiki, lakini kucha za kreni hazikugusa huko. Zilikuwa zinachota kwenye kona moja tu, rundo la mbao kavu na makaratasi, limepangwa vizuri.

"Ni utani wetu tu," alisema Egil.

"Rundo lile mmelikusanya kwa muda gani?"

Mzee akajikuna ndevu. "Wiki tatu," alisema polepole. "Mimi naambiwa chota hapa, nachota. Usinitaje jina, dada. Nimebakiza miezi minane nistaafu."

"Na mifuko ile italiwa lini?"

"Kesho, mkishaondoka."

Meneja, Folke, alimkuta chini ya ngazi. Mtu wa tabasamu la haraka, na haikujulikana nani alikuwa amemwarifu.

"Ragnhild! Nasikia umeshuka kutembea. Kuna tatizo?"

"Leo mnachoma mbao."

"Mbao pia ni taka. Kuna sheria gani inayonichagulia cha kuchoma saa saba mchana?"

"Kipimo kinatakiwa kuwa cha siku ya kawaida."

"Sikiliza." Tabasamu likapungua. "Watu wanajua dada yako ni nani. Ukianza kuona vitu, watasema ni hasira ya mayai. Maliza saa zako sita, weka sahihi, twende tukale."

Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa na ukweli kidogo. Akapanda ngazi akijiuliza kila hatua kama anaona kweli au anataka kuona. Vipimo sita alikuwa ametia sahihi kwenye kiwanda hiki. Vingapi vilikuwa vya Jumapili?

Arvid alimwonyesha saa. "Saa saba na nusu. Bado nusu saa, tuondoke kwenye friji hii."

Ragnhild akazima pampu.

"We! Unafanya nini? Kitaharibika!"

"Kimeshaharibika," alisema, akauvuta mrija nje.

Kwenye fomu, mahali pa sababu, aliandika: taka zilizochaguliwa kwa siku ya kupimwa, nimeziona mwenyewe. Akatia sahihi. Kisha akampigia simu mkaguzi wa manispaa, akaomba kipimo kingine, safari hii bila taarifa, na akaomba apewe mpimaji mwingine asiye na dada mwenye kuku.