Neno la Siri Kando ya Maua

Siku ya kubariki vyombo vya kazi hapa Tiruppur, India, bosi wetu Palaniappan alizivisha kompyuta za kiwanda mashada ya maua, akazipiga picha na kuwatumia wateja wote. Kando ya shada, kwenye karatasi niliyomsihi sana aibandue, neno la siri la hifadhi yetu ya mtandaoni lilisomeka vizuri.

“Bosi, futa hiyo picha!”

“Yazhini, binti, leo mungu analinda. Shahada yako ya kompyuta inaogopa hata maua?”

“Mungu hakukutuma ubandike neno la siri kwenye kompyuta.”

Alicheka. Kufikia jioni wezi wa mtandaoni walikuwa wameingia kwa neno hilo na kuifunga michoro yote ya fulana za msimu, na ajira zetu humo humo. Niliirudisha kutoka kwenye nakala niliyoiweka nje ya mtandao, nikampa bosi neno jipya.

Akauliza gundi iko wapi.