Kidole cha Eucabeth

Asubuhi ya Jumatatu, ukungu ukiwa bado umelalia majani chai, Mongina alibonyeza kidole gumba kwenye mashine ya mahudhurio, na mashine ikamwita Eucabeth.

Haikumwita kwa sauti, iliandika tu: Eucabeth Awuor Owiti. Pembeni ya jina palikuwa na picha ya mwanamke mwenye paji pana na mwanya, akimtazama Mongina kama mtu aliyekatizwa mazungumzo.

Aron, karani, alipangusa kioo kwa pindo la shati. "Jaribu ingine."

Akajaribu cha shahada, cha kati, kisha vya mkono wa pili. Vyote kumi vilimleta mwanamke yuleyule.

"Huyu aliacha kazi mwaka juzi," Aron alisema, akijikuna shingo. "Ni hii majani inamaliza watu vidole. Ingia tu kazi na hilo jina. Nitaita watu wa mashine."

Watu wa mashine hawakuja wiki hiyo, wala iliyofuata.

Mongina alikuwa na miaka tisa katika shamba lile, tangu alipotoka Nyamira na mumewe Zack, fundi wa boila kiwandani. Miezi miwili nyuma walikuwa wamezika mtoto wa kike aliyeishi siku mbili. Wazee wa nyumbani walisema mtoto wa siku mbili hapewi jina. Mongina hakubishana nao. Alimpa jina moyoni akalifungia humo, asimwambie hata Zack. Aliporudi kazini watu walimpa pole mara moja, basi. Chai haingoji mtu amalize kulia.

Sasa, akiwa katikati ya mistari ya chai, alianza kujiuliza huyo Eucabeth angekuwa anafikiria nini. Alipenda chai ya rangi au ya maziwa? Akichoka, alikuwa anaketi au anaegemea kikapu? Mwanzoni ilikuwa kama kujaribu koti la mtu mwingine na kulivua. Halafu zikaja siku ambazo hakulivua. Eucabeth hakuwa amezika mtu. Ndani ya Eucabeth palikuwa na nafasi na hewa, na Mongina alipoingia humo alipumua kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nyapara alipoita "Eucabeth!" kwa mzaha, aliitika kabla ya kukumbuka kwamba ni mzaha.

Siku moja Jerusa, mama Mjaluo kutoka Ahero aliyechuma mstari wa pili, alisimama ghafla.

"Mongina, tangu lini unaanza na mkono wa kushoto?"

Mongina akatazama mikono yake. Kweli, kushoto ndio ulikuwa mbele.

"Na huo wimbo wa Kijaluo, nani amekufundisha?"

"Wimbo gani?"

Jerusa alitua kikapu chini. "Eucabeth alikuwa anauimba hapo hapo umesimama. Yeye ako Chepseon siku hizi, anauza mitumba. Enda umuone. Mtu aliye hai haigwi namna hiyo, mwanangu."

Jumapili baada ya kanisa Mongina alienda. Kibanda kilikuwa mkabala wa posho mill ya kusaga mahindi. Mwanamke mwenye mwanya aliinua kichwa, na blauzi aliyokuwa ameishika ikamponyoka. Hakuuliza mgeni ni nani.

"Umekuja," alisema. "Kaa."

Mongina akaketi juu ya gunia la nguo. Ndipo alipoiona mikono ya yule mama. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi kwa utomvu wa chai, weusi ule usiotoka kwa sabuni, na ni mwaka wa pili hajagusa mchai.

"Ilianza lini?" Mongina aliuliza.

"Mwezi huu. Nasugua, haitoki. Lakini hiyo ni kitu kidogo. Mimi sijazaa, dada. Na kila siku ikifika saa nne maziwa yanatoka, yananilowesha mbele ya wateja. Nalilia mtoto simjui. Juzi nimemwita kwa jina hapa sokoni mpaka watu wakageuka."

"Jina gani?"

"Gesare."

Jina hilo halikuwa limewahi kupita katika kinywa cha Mongina. Mongina alishika gunia kwa mikono miwili.

"Wewe umetoka kwako ukaacha mlango wazi," Eucabeth alisema bila ukali. "Sikulaumu. Umeenda kupumzika. Lakini huyu mtoto ni wako. Mimi sina mahali pa kumweka."

"Nimfanyie nini?"

"Niambie alikuwa namna gani."

Mvua ikaanza kupiga mabati. Mongina akasimulia: nywele zilizojaa mpaka shingoni, ngumi iliyokataa kufunguka, ile sauti kama ya paka aliyeitoa mara moja tu. Eucabeth alikuwa akikunja nguo na kusikiliza. Kadiri maneno yalivyotoka, kifua cha Mongina kilizidi kuuma, mpaka akainama juu ya gunia akalia kilio ambacho hakukilia kaburini. Alipoinua uso, Eucabeth alikuwa akitazama vidole vyake visafi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Mongina alifika nyumbani jua likiwa bado juu ya mikaratusi. Zack alikuwa mlangoni, akivaa buti za zamu. Akamwambia bila kuzunguka: mtoto wetu nilimpa jina, nilimwita Gesare.

Zack aliacha kufunga kamba.

"Najua," alisema.

"Umejuaje?"

"Wiki mbili zimepita, mama mmoja alinisimamisha pale Kapsoit. Ana mwanya. Akanisalimia vizuri, akaniita Baba Gesare. Simjui huyo mama."

"Ukamwambia nini?"

"Niliitika," Zack alisema. "Nilikuwa nangoja mtu aniite hivyo."