Kioo cha Saa Saba Mchana

Mimi ni mshika kibao. Barabara ikitengenezwa, upande mmoja ukafungwa, lazima awepo mtu wa kusimama na fimbo yenye kibao: huku kimeandikwa SIMAMA, huku NENDA. Mtu huyo ndiye mimi. Madereva wananiita Mama Kibao, ingawa mtoto sina, na wengi wao wanakiangalia kibao tu, anayekishika hawana habari naye. Mwenzangu yuko mwisho wa pili, karibu kilomita nzima kutoka hapa, na tunaongea kwa redio. "Zuia." "Achia." Hayo ndiyo maongezi yangu ya kutwa nzima. Nikifika nyumbani ni mimi na sufuria.

Nina mdogo wangu mmoja tu, wa mwisho kwa mama, tunamwita Kitinda. Ni kiziwi tangu ana miaka mitatu. Mama alipofariki nilibaki naye mimi, na lugha ya mikono nilijifunza kwake, jikoni, kila jioni akitoka shule ananifundisha alichofundishwa. Nilikuwa mzito, ananikamata vidole ananinyoosha kama anasukuma chapati. Baadaye tukawa tunapiga soga mpaka wali unaungua. Miaka miwili iliyopita alipata kazi ya kuoka mikate nchi ya mbali, akaenda. Mkataba ni wa miaka miwili, aliniambia, ukiisha narudi. Ulikuwa unaisha mwaka huu, na mimi nilikuwa naishi kwa ajili ya hilo, sioni haya kusema.

Kuoka mikate ni kazi ya usiku. Anaingia watu wakienda kulala, anatoka saa saba mchana ya kwetu, anakula, anaanguka kitandani kama gogo. Jumapili, siku yangu ya kupumzika, wao wanaoka mara mbili na hatoki mpaka giza. Kwa hiyo saa yetu ya kupigiana simu ya video ni saa saba, wakati wa mapumziko yangu, nikiwa palepale barabarani na mchanga wangu mdomoni.

Utaniuliza, kwa nini msiandikiane? Kitinda kuandika kwake ni shughuli. Maandishi ni nguo ya kuazima, anaivaa kwa lazima. "Salama. Wewe?" Basi, imekwisha hiyo. Mambo yenyewe anayasema kwa mikono.

Sasa shida ni jua. Miti yote ilikatwa barabara ilipopanuliwa, kivuli kilichobaki ni changu mwenyewe, na saa saba kinaingia chini ya viatu. Kioo cha simu yangu kilipasuka zamani, fundi akaniwekea kingine cha bei rahisi. Ndani ya nyumba hakina neno. Juani, naona pua yangu na mawingu. Nikipandisha mwanga mpaka mwisho, naona kivuli cha mtu kinapunga mikono. Nilijaribu kujifunika koti la kazi kichwani, nikawa kama kuku anayeatamia, lakini mtu wa kuongea kwa mikono hawezi kujifunika, Kitinda naye akawa haoni ninachosema. Nikaamua kuibana simu kwenye koni ya barabarani kwa mpira, nikasimama mbele yake mwangani. Yeye ananiona vizuri kabisa. Mimi simwoni.

Ningemwambia. Sikumwambia. Nikawa naitikia tu. Kivuli kikitulia najua ameuliza kitu, nainamisha kichwa, ndiyo, nanyanyua dole gumba. Mabega yakitikisika najua anacheka, na mimi nacheka. Miezi minne hivyo. Usinione mjinga. Ilikuwa nusu saa ya mtu kuniangalia mimi badala ya kibao.

Halafu siku moja lori la kokoto likasimama pembeni yangu, refu kama nyumba, likanitupia kivuli mimi na koni na simu. Kwa muda wa kupiga chafya hivi, kioo kikawa kioo. Nilikuwa nacheka, kwa sababu mabega yalikuwa yanatikisika. Nikamwona Kitinda anafuta macho kwa mkono wa shati. Lori likaondoka, jua likarudi, nikabaki na pua yangu.

Jioni ile nikamwandikia: "Kuna nini?" Akajibu: "Salama. Tutaongea." Sikulala vizuri wiki nzima. Alikuwa akilia kwa jambo gani, na mimi nilikuwa nimemwitikia nini?

Nikachukua akiba yangu, nikaomba ruhusa siku moja, nikaenda dukani. Saa saba kasoro, kwa makusudi. Muuzaji alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Akanipangia simu tatu juu ya meza, akanitajia tarakimu za mwanga, elfu hivi, elfu hivi. Zote zilikuwa zinameremeta kama pipi.

"Twende nje," nikamwambia.

"Nje kuna nini, mama?"

"Kuna jua. Mimi sifanyi kazi ndani ya duka lako."

"Watu wote wanachagulia hapahapa."

"Watu wote hawana mdogo wangu."

Akacheka, lakini akazifungua kwenye nyaya zake. Nilikuwa na video moja ya zamani ya Kitinda, akinisimulia jinsi tajiri wake alivyokalia sinia la keki. Akaihamishia kwenye simu zote tatu. Tukatoka hadi ukingo wa barabara, nikazipanga chini, na mimi nikachuchumaa mbele ya simu hizo na miwani yangu nyeusi ya kazi, ile ya kukata mng'ao wa jua, wapita njia wananitazama kama nacheza kamari.

Ya kwanza ndiyo iliyokuwa ghali. Rangi zake ndani zilinitoa udenda. Juani iling'aa kweli, lakini kioo chenyewe kilikuwa kama cha kujitazamia, niliona paji langu limekaa juu ya uso wa Kitinda. Ya pili ilikuwa safi mpaka nilipoilaza ubavu, pale pale ikawa nyeusi tititi.

"Hiyo si simu, ni miwani yako," kijana akasema. "Ivue."

"Nikiivua ndiyo sioni hata lori."

Ya tatu ilikuwa na umbo la kizamani na rangi zilizopauka. Uso wa Kitinda ulionekana kama umepakwa majivu. Lakini vidole, nilivihesabu vyote kumi. Niliona kidole cha shahada kinavyogonga kiganja, niliona anavyouma mdomo kabla ya kufika kwenye keki. Nikaigeuza hivi, nikaigeuza vile, nikaiacha juani mpaka kijana akaanza kutoa jasho na pasi ya shati ikafa. Vidole vilikuwa palepale.

"Nipe hii."

"Mama, hii picha zake si nzuri. Ya kwanza ukimpiga mtu picha, mwenyewe atakuomba."

"Sina wa kumpiga picha," nikasema. Akanifungia simu yangu kwenye boksi, polepole, akaongeza na kitambaa cha kufutia kioo.

Kesho yake saa saba nikaibana kwenye koni, nikalegeza kofia, nikapiga.

Alitokea. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Alikuwa amekonda. Ana unga kwenye nyusi na ndevu chache ambazo hakuna aliyenitaarifu. Nilimwangalia mpaka akaniuliza kama simu imekwama.

"Nimenunua simu nyingine," nikamwambia kwa mikono. "Siku ile ulikuwa unalia. Ulikuwa unalilia nini?"

Akanitazama kidogo. "Ulicheka," akasema.

"Niambie tena."

"Nilikuwa nalia, na wewe ukacheka. Nikasema basi, dada ameshaamua."

"Nimeamua nini? Nieleze kama hujawahi kunieleza."

Akaona uso wangu, hakuuliza kwa nini. Akanisimulia. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, tajiri akampa mwingine wa miaka mitano, asaini au aondoke. Akaja kwangu. Mara ya kwanza aliniuliza: nikibaki huku miaka mitano, ni sawa kwako? Nikaitikia. Wiki iliyofuata akaniuliza tena: una uhakika, utakuwa peke yako? Nikaitikia, nikanyanyua na dole gumba. Mara ya tatu aliniambia nifikirie vizuri, asisikie baadaye kwamba nasononeka, na huku akisema machozi yakamtoka. Hiyo ndiyo siku ya lori.

"Nikasaini kesho yake," akasema.

"Mkataba hauwezi kufutwa?"

Akatikisa kichwa.

Nilisimama pale na koti langu la kung'aa, magari yananipita. Kisha nikamwambia ukweli, nikawa narudia maneno. "Sikuwa nakuona. Tangu mvua ziishe, sijaona neno lako hata moja. Nilikuwa naitikia tu."

"Miezi minne?"

"Miezi minne."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilifikiri ukijua sikuoni, utaona hizi simu hazina maana. Utaacha kupiga."

Akashusha mikono. Mtu wa kawaida akinyamaza bado unasikia anapumua. Kitinda akishusha mikono hakuna kitu. Nilisubiri. Niliona kifua chake kinapanda na kushuka, niliona anafuta unga usoni na kuupaka vibaya zaidi.

"Kitinda," nikamwita. "Wewe hurudii jambo. Mbona hili uliniuliza mara tatu?"

Akainua mikono, akaitazama kwanza kana kwamba anachagua, halafu akaongea taratibu, kama alivyokuwa akiongea jikoni zamani nikiwa bado mzito.

"Nilikuwa nasubiri ukatae," akasema.

Jua lilikuwa utosini, na nilimwona vizuri sana.