Unyevu wa Chumba cha Nyuma

Mzee mmoja alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini, na watu walimwita Hata Tone. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kukusudia, maana kila alipomaliza kazi alifunga mkoba wake wa vifaa na kumwambia mwenye nyumba, "Hapo halitoki hata tone." Na mara nyingi kweli halikutoka. Alikuwa fundi hodari, tena mwenye maneno. Akiingia nyumba iliyoshughulikiwa na fundi mwingine, hakuchelewa kuguna: "Nani aliwafanyia haya? Huyo alikuwa fundi au mpita njia?"

Sasa alikuwa amestaafu, na nyumba aliyokaa na mkewe kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa inauzwa. Sababu ilikuwa magoti ya mkewe. Nyumba ilikuwa juu ya mteremko, ngazi kumi na nne kutoka barabarani hadi mlangoni, na mama huyo siku hizi alizipanda kwa kushika ukuta, akipumzika katikati. Binti yao, ambaye alikuwa mfamasia, alikuwa amewapatia nyumba ndogo isiyo na ngazi, mtaa mmoja na kwake.

"Lakini kabla hatujatangaza, Baba, tumwite mkaguzi wa nyumba," binti alisema kwenye simu.

"Mkaguzi wa nini? Nyumba nimeisimamia mwenyewe, na mabomba nimelaza kwa mikono yangu."

"Sawa, lakini mnunuzi akija na mkaguzi wake, akakuta kasoro tusizozijua, atatushika pabaya. Bora tuzijue sisi kwanza. Zinazotengenezeka tuzitengeneze, zilizobaki tuziseme wenyewe."

"Yaani nimlipe mtu aje kunitafutia aibu nyumbani kwangu?"

"Nimeshamlipa, Baba. Anakuja Jumanne."

Jumatatu mzee alinunua kopo dogo la rangi ya mafuta.

Ilikuwa hivi. Chumba cha nyuma kilipakana na bafu, na kwenye ukuta wa katikati palikuwa na doa la unyevu. Lilijitokeza mwaka wa tatu baada ya kuhamia. Kwanza rangi ilituna, kisha ikabambuka, kisha ikaja harufu kama ya nguo zilizosahauliwa kwenye ndoo. Siku alipoonyeshwa, mzee alilitazama kidogo tu, akamgeukia mkewe. "Hii ni kazi yako, mama watoto. Unaosha sakafu kama unafua mablanketi. Maji yote yanaingia ukutani."

Mkewe hakubisha. Mumewe ndiye aliyejua maji. Tangu siku hiyo aliacha kumwaga ndoo sakafuni. Alichukua kitambaa, akakikamua kikabaki na ubichi tu, akapiga magoti na kufuta nyumba nzima, chumba baada ya chumba, kwa miaka kumi na tisa. Doa halikuondoka. Likizidi, mzee alisema, "Umeanza tena?" Wageni wakiuliza harufu ni ya nini, aliwafanyia mzaha: "Mke wangu alizaliwa bata." Watu walicheka. Mkewe naye alicheka kidogo, huku akitazama chini.

Basi Jumatatu hiyo mzee alipaka rangi mara mbili, akafungua dirisha ipate hewa, na jioni akalisukuma kabati la nguo hadi likaziba ukuta.

Mkaguzi alikuja saa mbili asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, buti miguuni na ngazi ya kukunja begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Hapa utamaliza mapema, hakuna cha kutafuta."

Alipanda darini na tochi, akashuka na utando wa buibui kichwani. Alifungua kila dirisha na kulifunga. Alichomeka kitaa kidogo kwenye kila soketi. Aliyoyakuta aliyaandika: mfereji wa paa umelegea upande mmoja, soketi ya jikoni haina waya wa usalama, vigae viwili vimepasuka. Mzee alimfuata nyuma akichangamka, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya hayo lililomhusu. "Umeme sikufanya mimi," alisema. "Na paa lilikuwa la fundi mwingine, Mungu amsamehe."

Wakafika chumba cha nyuma. Mkaguzi alisimama mlangoni, akavuta hewa puani.

"Rangi mpya," alisema.

"Tunauza, lazima nyumba ioge," mzee akacheka.

"Naomba tusogeze kabati, mzee."

"Hilo ni zito sana, mwanangu. Mpaka tupate vijana watatu."

Mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yao na sinia la chai, alishangaa kwa moyo mweupe kabisa. "Si ulilisogeza jana peke yako, baba watoto?"

Mzee alihisi masikio yanapata moto. Aliweka bega kwenye kabati, akalisukuma.

Mkaguzi alitoa kifaa kidogo cha kupimia unyevu, chenye meno mawili, akakigusisha ukutani. Kililia. Akakisogeza kulia, kikalia. Juu, kikalia zaidi.

"Aa, hilo nalijua," mzee alisema haraka. "Ni maji ya kuosha sakafu. Huyu mama watoto anapenda maji kupita kiasi."

Mkewe akaweka sinia kitandani. "Ni kweli, mwanangu," alimwambia mkaguzi, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Zamani nilikuwa namwaga maji mengi. Sikujua. Lakini niliacha, miaka mingi sasa. Nafuta kwa kitambaa tu, tena nakikamua sana. Sijui kwa nini hapakauki."

Mkaguzi alimtazama, kisha akachuchumaa na kukigusisha kifaa ukutani chini kabisa, karibu na sakafu. Kimya. Akakigusisha tena, mahali pengine. Kimya.

"Mama, maji ya sakafuni yangeanzia hapa chini," alisema taratibu. "Na hapa chini ni pakavu. Unyevu uko usawa wa kiuno. Hii si kazi ya kitambaa chako."

Halafu akaomba koki zote zifungwe, mtu asiguse maji, wakatoka hadi kwenye mita iliyokuwa karibu na geti. Wakasimama wote watatu juani wakiikodolea macho. Kijisindano chekundu kilipaswa kutulia. Hakikutulia. Kilitembea polepole, kikasita, kikatembea tena.

"Maji yanakwenda mahali," mkaguzi alisema. "Ndani ya ukuta ule. Mabomba alilaza nani?"

"Mwenyewe," mkewe akajibu. Ilikuwa sauti ile ile aliyomsifia nayo kwa watu miaka yote.

Hapo mzee akaikumbuka siku ile. Si kwamba alikuwa ameisahau, alikuwa ameifunika. Ilikuwa Jumamosi, wamebakiza siku mbili kuhamia, na kiungio kimoja kilipungua. Duka lilikuwa limefungwa. Akachukua kisicho saizi yake, akakizungushia utepe mwingi, akakikaza kwa nguvu. Vijana waliomsaidia aliwafundisha siku zote kwamba bomba lazima lilale na maji usiku kucha, ionekane kama linavuja, kabla ya plasta. Siku hiyo bomba lake halikulala na maji hata saa moja. Alipaka plasta jioni ile ile, akasema moyoni, hapo halitoki hata tone.

Na siku doa lilipojitokeza, alijua. Alijua kabla hajafungua mdomo kumlaumu mkewe. Miaka yote hiyo alikuwa anajipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mkaguzi akatafuta maneno ya kumsitiri. "Hutokea, mzee. Viungio vya zamani huchoka. Uzuri ni kwamba tumekijua leo, nyumba bado iko mikononi mwenu. Kitengenezeni, niiteni nipime tena, na ripoti itasema kimetengenezwa. Angekikuta mkaguzi wa mnunuzi, mngeongea lugha nyingine."

"Hakikuchoka," mzee alisema, lakini kwa sauti ndogo, na mkaguzi alikuwa ameshainama kuandika.

Alipoondoka, mzee alichukua tindo na nyundo. Hakutaka kumwita fundi. Alibomoa plasta kwa saa nzima, vumbi likamjaa nyusi, hadi kiungio kikaonekana. Utepe ulikuwa umegeuka mweusi. Tone moja lilining'inia, likaanguka, jingine likaanza kujikusanya. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho."

"Kilivuja tangu lini?"

Angeweza kusema kwamba hajui. Neno lilimfika ulimini. "Tangu mwanzo," alisema. "Nilikiweka vibaya. Nilijua nimekiweka vibaya. Doa lilipotoka nilijua, nikakusingizia wewe."

Mkewe alikaa kitandani, kando ya sinia la chai iliyopoa. Alifuta vumbi la plasta lililoangukia vikombe.

"Maji si kitu," alisema mwisho. "Na magoti ni ya umri, usianze kujisumbua na magoti. Lakini ulinisema mbele ya mama yangu. Unakumbuka? Alikuja akalala chumba hiki wiki nzima. Ukamwambia, mama, mwanao nimemfundisha kila kitu, usafi tu umenishinda. Mama akanichukua jikoni akanigombeza kama mtoto. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, nagombezwa! Amekufa akijua alizaa mchafu. Wewe kiungio utabadilisha. Mama nitamwambia vipi?"

Mzee alisimama na nyundo mkononi, na kama sakafu ingefunguka angeshukuru.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mkewe alipika, akatenga, akajibu alipoulizwa, basi. Mzee alibadilisha kiungio, na safari hii aliliacha bomba na maji siku tatu kabla ya kuziba ukuta. Alimpigia binti yake akamweleza lote, bila kupunguza. Binti akasema, "Baba, hata mimi nilikuwa nikimcheka Mama." Jumapili mzee alipanda basi hadi kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, akamkuta na watoto wake wakubwa wanakula. Alitaka kusubiri wabaki wawili. Akakumbuka kwamba mzaha wa bata hakuwahi kusubiri watu waondoke. Akasema pale pale, mbele ya wote, huku chakula kinapoa. Shemeji hakumsaidia kwa neno lolote. Alimaliza kusikiliza, akasema, "Sawa. Tumesikia," akarudi kwenye sahani yake.

Mkaguzi alirudi baada ya wiki tano, ukuta ulipokauka. Kifaa hakikulia. Ripoti ikatoka kurasa tisa, na kwenye ukurasa wa sita palikuwa na picha ya kiungio kibovu. Dalali alishauri ukurasa huo uchomolewe. "Kimetengenezwa, wa nini tena?" Mzee alikataa. Wanunuzi wa kwanza waliusoma wakaondoka. Wa pili walikuwa muuguzi na mumewe. Walileta mkaguzi wao, ambaye hakukuta lolote lisiloandikwa. Wakanunua bila kuvutana, kwa bei ambayo binti alisema wasingeipata kama doa lingejitokeza katikati ya mazungumzo. Muuguzi alimwambia mzee kwamba nyumba nyingine nne walizoziona zilikuwa na rangi mpya na hakuna aliyewaambia kitu. Mzee aliitikia kwa kichwa tu. Sifa hiyo ilimchoma kuliko tusi.

Siku mbili kabla ya kuhama, mkewe alivaa gauni lake la kutokea, akasimama mlangoni. "Nisindikize kwa mama."

Makaburi yalikuwa mbali na kituo cha basi. Alimshika mkono njia nzima, na mkewe aliukubali mkono. Walipofika walipalilia majani, kisha mkewe akarudi nyuma hatua mbili, akamwachia nafasi mbele. Mzee akaelewa alicholetwa kufanya.

"Mama," alianza, akakohoa. "Mama, mwanao ni msafi. Mimi ndiye niliye..." Sauti ikakatika.

"Sema kwa nguvu," mkewe alisema. "Alikuwa hasikii vizuri."

Kulikuwa na watu kaburi la pili, familia nzima na maua yao. Waligeuka kutazama. Mzee alivua kofia, akavuta pumzi, akasema yote tangu mwanzo, kwa sauti ambayo hata wale walisikia.