Kidokezo cha Kwanza na Kikombe cha Tatu

Kila Jumatatu Wubalem wa ofisi ya msaada wa kompyuta alikitumia chuo kizima jarida lake la habari na vidokezo, na kila Jumanne chuo kizima kilimpigia simu kuuliza yaleyale yaliyoandikwa humo. Mhadhiri mmoja wa uchumi aliwahi kumuuliza jarida linapatikana wapi. Alikuwa amelitumia kufunikia sahani ya bisi.

Wiki hii habari ilikuwa moja, kwa herufi nene: kila mtu abadilishe nywila kabla ya Ijumaa jioni. Mkuu wa ofisi, Ato Desalegn, aliongeza lake kwa mdomo: "Jina moja likibaki jekundu kwenye orodha, Wubalem, huendi popote."

Na Wubalem alikuwa na pa kwenda. Dada yake alikuwa anaolewa Gondar Jumapili, na basi la mwisho la kumfikisha lingeondoka Ijumaa saa kumi alasiri.

Ijumaa saa nane, majina mia nne na kumi ya waliobadilisha yalikuwa yamegeuka kijani kwenye skrini. Jekundu lilikuwa moja tu: Profesa Abebaw, historia.

Alipofungua mlango wa profesa alipokewa na moshi wa ubani. Etagegn, katibu wake, alikuwa ameketi kwenye kigoda akitikisa buni juu ya makaa. Wubalem alikata tamaa hapohapo. Kwa desturi kahawa ni vikombe vitatu, na baraka iko katika cha tatu. Kuondoka kabla yake ni tusi ambalo hata wajukuu wangekuja kusimuliwa.

"Karibu, binti yangu! Jarida lako nalisoma neno kwa neno," profesa alisema nyuma ya kompyuta yake.

"Basi mbona hujabadilisha nywila, Gashe?" Wubalem aliuliza, akimwita kwa heshima kama mjomba.

"Ndiyo naanza sasa."

Akaanza, kwa kidole kimoja. Alipofika herufi ya nne, kikombe cha kwanza kikaja. Kidole kikarudi mapajani.

"Gashe, malizia kwanza. Ukurasa hujifunga wenyewe baada ya dakika tano."

"Mtu hanywi kahawa huku anachapa. Sisi si watu wa porini."

Ukurasa ukajifunga. Wakaanza upya. Kikombe cha pili kikaja pamoja na kisa kirefu cha mfalme fulani na nyumbu wake. Ukurasa ukajifunga tena.

"Ukijifunga mara ya tatu, unakufungia nje mpaka Jumatatu," Wubalem alisema, sauti ikimpanda. "Niambie hiyo nywila nikuchapie, yaishe, niwahi basi la harusi ya dada yangu!"

Profesa alimtazama kama mwanafunzi aliyekamatwa na karatasi ndani ya soksi. "Kidokezo cha kwanza: usimwambie mtu yeyote nywila yako, hata wa ofisi ya msaada. Aliyeandika hayo ana akili."

"Niliandika mimi!"

"Basi jitii."

Etagegn alicheka mpaka akaweka chini kipepeo chake cha makaa.

Saa tisa na nusu. Ukurasa ulikuwa wazi kwa mara ya tatu, kidole cha profesa kikitafuta herufi kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi, na jebena, birika la udongo lenye kahawa ya kikombe cha tatu, ilikuwa imeinamishwa kwenye kipete chake cha kuegemea, mashapo yametulia. Etagegn alinyoosha mkono aimimine.

Wubalem, mtu mzima mwenye shahada, alinyoosha mguu akaipiga teke jebena. Teke dogo, la heshima.

"We mtoto! Umeyatibua yote!" Etagegn alifoka. "Sasa tungoje yatulie upya!"

"Nisamehe, Etiye, dada yangu. Mguu umekufa ganzi."

Kahawa haimiminwi ikiwa na matope. Hilo nalo ni sheria. Profesa, aliyekosa cha kunywa na cha kusimulia, akarudi kuchapa. Herufi. Herufi. Namba. Akatafuta alama ya mshangao kwa muda ambao Wubalem alizeeka, akaipata, akabonyeza.

Jina likageuka kijani.

Kikombe cha tatu kilipokuja kilikuwa bado na mashapo, na Wubalem alikinywa chote, mashapo na baraka, akainama, akaaga, kisha akakimbia kwa namna isiyoandikwa katika jarida lolote.

Basi lilikuwa limeshaanza kusogea aliporukia mlangoni. Alipokwisha kuketi akinyonya mashapo kwenye meno, simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa Profesa Abebaw:

"Jarida la Jumatatu liongezwe kidokezo: watu wa msaada wasiketishwe karibu na jebena. Msalimie bibi harusi."